Kioo Kinaposhuka

Mzee Mkalimani hakunikaripia. Tulipofika kwenye lango la chuo, aliutafuta mkono wa mlango kwa vidole, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, unaendesha vizuri. Ila gari lako linatafuna maneno, na mimi kazi yangu ni maneno."

Ilikuwa kweli. Zamani alikuwa mkalimani wa mahakamani. Macho yalipomwacha akaanza kuwafundisha vijana kazi ileile, na kila asubuhi njiani alisikiliza sauti za wanafunzi wake zilizorekodiwa, ili akiingia darasani awe anajua nani kameza neno na nani katia chumvi. Spika za milango yangu zilikuwa za karatasi, zimechanika pembeni, na bati la mlango lilitetemeka nyuma yake kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Sauti ilitoka, lakini maneno yalibaki mlangoni.

Alitaka dereva wa kudumu, wa kumpeleka asubuhi na kumrudisha mchana. Akaniambia atanijaribu tena wiki inayofuata. Kama gari litakuwa bado na kigugumizi, ameshatajiwa dereva mwingine.

Kazi hiyo niliitaka kuliko nilivyoweza kumwambia. Mke wangu ni muuguzi wa zamu ya jioni. Mimi, kwa kubahatisha abiria, nilikuwa nafika nyumbani binti yetu ameshalala kwa jirani, nambeba begani mpaka kitandani kwake. Nadhani mtoto yule alilijua bega langu kuliko uso wangu. Kazi inayoisha mchana ingenifikisha kwenye lango la shule yake wakati wenzake wanatoka. Sikuwa na hoja nyingine kubwa kuliko hiyo.

Mambo ya spika sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kufungua, kutazama na kufunga tena, na mara nyingi kwa kufunga vibaya. Lakini jambo moja nimelielewa: spika ni kama msemaji. Mweke juu ya kigoda kinachoyumba, hata awe na sauti ya dhahabu, watu watasikia kigoda. Fundi redio wa mtaani kwetu aliniuzia jozi nzuri iliyotoka kwenye gari lililopata ajali. Shida ni kwamba zilikuwa za mviringo, na matundu ya milango yangu yana umbo la yai. Tena mgongoni zilikuwa na sumaku nene kama mkate. Zilihitaji kiti cha kukalia, na kiti cha namna hiyo hakiuzwi popote.

Nikaenda kwa dada yangu.

Dada ni seremala. Watu wanamwita Pembe Mraba, kwa sababu hawezi kupita karibu na meza ya mtu bila kuipimia kona kwa macho. Mume wake, shemeji yangu, anashona viti vya makochi katika uwanja huohuo, yeye upande wa kivuli, dada upande wa mashine. Uwanja ule una sheria moja: gari likiingia getini, vioo juu. Vumbi la mbao pale halina adabu. Linaingia kwenye chai, kwenye kope, kwenye mfuko uliofungwa. Nilipandisha vioo kabla hajaninyooshea kidole.

Alizigeuza spika mkononi, akaniuliza maswali mengi kuliko mzee Mkalimani mwenyewe. Mlango unaingia maji ya mvua? Bati lina nguvu kiasi gani? Skrubu zitashika wapi? Kisha akaniambia nikae mbali, nisimpumulie.

Alikata pete za plaiwudi, akazibandika kwa gundi moja juu ya nyingine mpaka zikawa nene, nje zina umbo la yai kama tundu la mlango, ndani mviringo kama spika. Akazipiga msasa, akazipaka vanishi, zikikauka anazipaka tena. Nilimwambia kwamba zitakuwa ndani ya mlango, hakuna atakayeziona.

"Maji yataziona," akasema.

Wakati vanishi inakauka, mimi nilibandika vipande vya raba nzito kwenye bati, nikaziba kila tundu lisilokuwa na kazi, nikazungushia nyaya sponji zisigongane. Shemeji alipita akagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Hapo awali ulilia kama debe. Sasa ulitoa mlio mfupi wa sanduku lililojaa nguo. Akasema tukimaliza tumfanyie na mkewe hivyo hivyo, labda atapunguza kelele. Dada hakugeuka. Alimwambia tu kwamba chakula cha mchana leo kitakuwa kimya pia.

Jioni tulikaa ndani ya gari wote watatu tukawasha redio. Mtangazaji alikuwa anasoma habari ambazo sizikumbuki. Nakumbuka shemeji alivyoinamisha kichwa, akasema kwa mshangao wa kweli, "Nimemsikia akimeza mate." Dada alitabasamu akitazama mbele. Nilirudi nyumbani polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

Kesho yake, siku ya kujaribiwa, mzee Mkalimani aliketi kando yangu, akanipa simu yake niiunganishe. Sauti ya msichana mwanafunzi ikajaza gari, safi, kila herufi imevaa viatu. Mzee aliinua nyusi. Tulipita mtaa mzima akisikiliza, na nikaanza kuliona akilini lango la shule ya binti yangu.

Kisha akashika mkono wa kioo akazungusha.

Kioo kilishuka kidogo, kikasema *ko*, kikasimama. Akazungusha tena. *Ko.* Sumaku ilikuwa imekaa katikati ya njia yake.

Alipapasa ukingo wa kioo, akauliza kama kimekwama. Nilimweleza ukweli: spika mpya ni nene, imekizuia. Kisha akanifafanulia, bila hasira, kwamba yeye barabara anaijua kwa pua na kwa shavu. Harufu ya kiwanda cha sabuni humwambia wamefika nusu ya njia, upepo wa darajani humwambia ajiandae. Ndani ya gari lililofungwa anakuwa kama kifurushi, hajui anapelekwa wapi.

"Umenipa masikio ukaninyang'anya pua," akasema. "Kesho nitapanda na yule mwingine. Keshokutwa njoo, nione umefanya nini. Baada ya hapo sitakusumbua tena."

Nilikwenda moja kwa moja kwa dada. Njiani nilikuwa natafuta namna ya kumwambia bila kumlaumu, maana sikuwa na haki ya kumlaumu. Ni mimi niliyempelekea gari. Lakini huyu ni mtu ambaye hajawahi kukata ubao mara mbili, na nilijua neno lolote litamchoma.

Sikuhitaji maneno. Nilisimamisha gari getini, nikashusha kioo mbele yake. *Ko.*

Dada aliweka randa chini. Alikuja akainama, akachungulia kwenye mwanya kati ya kioo na mlango, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alitazama uwanja wake, maranda, vumbi lililotanda juu ya kila kitu, magari ya wateja yaliyofungwa vioo kama yanasinzia.

"Nimepima kila kitu," akasema taratibu. "Hapa kwangu kioo hakishuki. Sikuwahi kufikiri kwamba kina mahali pa kwenda."

Shemeji alitaka kusema kitu cha kuchekesha, nikamwona akikimeza.

Tulizitoa pete. Niliuliza kama tunaweza kuzipunguza unene. Dada alitikisa kichwa: zikipungua ndipo sumaku itazidi kuzama ndani. Spika inatakiwa kurudi huku, upande wa miguu ya abiria, na ikirudi huku itatokeza nje ya mlango kama kitovu. Basi itokeze, akasema, lakini itokeze kwa heshima. Itajengewa kisanduku chake. Pete za zamani alizitupa kwenye benchi, akasema sasa anavyo vikalio vinne vya sufuria, akizipasua zote mbili katikati.

Kabla ya kukata chochote alinyoosha mkono kwenye dirisha langu akanionyesha chini. Nilidhani anatania.

"Shusha. Vyote. Leo vumbi liingie."

Kwanza alikunja kadibodi iwe kisanduku cha mfano, akaibandika mlangoni kwa utepe. Mimi kazi yangu ikawa kukaa kwenye kiti na kuzungusha mkono: kioo chini, kioo juu. Akikata pete mpya, kioo chini. Akiiweka juu ya miguu mifupi ya mbao, kioo chini. Mashine ikiunguruma, vumbi lilimiminika ndani, likatua kwenye dashibodi, kwenye nywele zangu, kwenye ulimi. Shemeji alipita akaniuliza kama nimezeeka ghafla au ni msiba.

Dada alizungushia pete vipande vyembamba vya mbao kimojakimoja, kama mtu anayesuka, mpaka kisanduku kikapata tumbo. Alikielekeza juu kidogo ili spika imtazame abiria usoni, siyo magotini. Ndani tulijaza pamba ya makochi, nikaziba mishono yote kwa gundi. Kisha shemeji akakivisha ngozi ya bandia ya kijivu iliyobaki kwenye kochi la mteja, akaishona kwa mkono pale mashine isipofika. Huyo mtu mwenye mzaha mwingi, akishika sindano hasemi kabisa. Nilipowasha redio, dada hakuketi kusikiliza. Alisimama nje ya mlango akatazama kioo kikishuka mpaka mwisho, kikapotea chote.

"Mwambie abiria wako nimechelewa kukikumbuka kioo chake," akasema.

Mzee Mkalimani alipoingia siku aliyonipangia, goti lake lilikuwa la kwanza kukutana na kisanduku. Alikipapasa kuanzia juu hadi chini, akafuata mshono wa shemeji kwa ukucha. Akashusha kioo hadi mwisho, akaniashiria niwashe.

Ilikuwa sauti ya kijana, mwenye haraka. Barabara kubwa ilipoanza, upepo ulitaka kuichukua, na mzee akapandisha kioo nusu, sauti ikarudi. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Nilitaka aseme kwamba ni safi, kwamba nimefaulu. Alikuwa ameelekeza shavu dirishani. Tulipokaribia kiwanda cha sabuni alijinyoosha kitini, kisha ghafla akapiga paja.

"Usikimbie, kijana! Shahidi hajamaliza sentensi, wewe umeshahukumu."

Nilipunguza mwendo nikidhani ananiambia mimi. Hapana, alikuwa anamwambia kijana wa kwenye spika. Aliendelea kumsahihisha njia nzima, akimkatiza, akimsifu mahali pamoja, akiguna pengine, na mimi na gari langu tukawa hatupo kabisa. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kusahauliwa.

Langoni alikumbuka kwamba nipo. Akagonga kisanduku kwa kidole.

"Aliyetengeneza hiki, mwambie akikate kona kidogo. Macho yangu hayaoni, na goti nalo limeanza kufuata." Alishuka, akapata mwelekeo wa mlango, kisha akageuka nusu. "Mchana usichelewe kunirudisha. Na kesho vilevile."

Mchana nilimrudisha kwake, kisha nikaenda shuleni. Nilifika mapema, nikasimama upande wa pili wa lango pamoja na akina mama na bibi mmoja aliyeniuliza namsubiri nani. Watoto wakatoka kwa fujo. Binti yangu aliniona kabla sijamwona. Alisimama katikati ya wenzake, mkoba umemlegea begani, uso umemwingia wasiwasi, akaja akitembea polepole.

"Baba, kuna nini? Mama anaumwa?"

"Hakuna kitu. Nimekuja kukuchukua."

Alinitazama kuona kama kuna lingine. Kisha akanipa mkoba.