Chupa ya Achari Ngamiani

Safari ya siku mbili kwenda Tanga ilipangwa barazani kwa Mselem, mjini Pangani, kwa majuma matatu mazima. Mselem alikuwa mpima mbata, yaani nazi kavu, wa tajiri mmoja wa pale mjini. Kila mwisho wa mwezi alipanda lori la mzigo kwenda Tanga, akalala huko siku mbili tatu, akarudi na habari za kuwasimulia wenziwe. Hapakuwa na mtu Pangani aliyeijua Tanga kama yeye, au ndivyo alivyosema mwenyewe.

Mara hii msikilizaji wake alikuwa Kristofa, karani wa shamba la mkonge huko Mwera, ng'ambo ya mto. Kristofa alikuwa amemwoa Elizabeti, binti wa milimani Usambara, na tangu amlete pwani hajapata kumwonyesha mji. Alitaka amtembeze Jumamosi na Jumapili moja, na Mselem akajitolea kuwa kiongozi. Basi kila jioni Kristofa akivuka na pantoni, wanakaa, wanapanga. Jumamosi saa sita watakula Ngamiani, kwa Bi Kijakazi, ambako pilau inapikwa kwa samli na samaki wa kupaka wanaliwa hadi mfupa. Alasiri watatazama meli bandarini, kisha watembee ufukweni Raskazone wapunge upepo. Baada ya magharibi ni dansi, bendi mpya ina tarumbeta mbili. Jumapili, Kristofa na mkewe wakitoka misa, watakwenda kuyaona mapango ya Amboni, warudi kwa basi la jioni.

Mselem alipozungumza juu ya chakula alifumba macho na kulamba midomo, na vidole vyake vilikunjana hewani kama vinafinyanga tonge. Mkewe, Asmahani, alikuwa akimsikia kutoka ndani huku akikata ndimu za achari. Hakuipenda namna ile ya kulamba midomo, lakini alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Kwa Asmahani, Tanga haikuwa pilau wala tarumbeta. Tanga ilikuwa mama yake, aliyehamia huko kwenye chumba alichoachiwa na marehemu kaka yake. Asmahani alikuwa hajamwona kwa miaka miwili na zaidi. Katika muda huo alishika mimba mbili, na mara zote mbili mkunga alimkataza kupanda gari katika njia ile ya mashimo. Wa kwanza alitoka hajatimia. Wa pili alizaliwa akaishi siku nne.

Kwa hiyo kila mwezi alimfungia Mselem kapu: samli, ng'onda wa papa aliyekaushwa juani, na chupa ya achari ya ndimu aliyoitengeneza kama mama yake alivyomfundisha, yenye mbegu za uwatu na vipande vyembamba vya papai bichi. Mselem akirudi, humletea salamu. Mama amecheka sana alipoonja ng'onda. Mama anasema usinyanyue mitungi. Na baada ya yule wa siku nne kuzikwa, Mselem alirudi kutoka Tanga, akakaa ukingoni mwa kitanda akamwambia, "Mama anasema usilie. Anasema naye alizika wawili kabla yako, na Mungu akamlipa kwa kukupata wewe." Maneno hayo ndiyo yaliyomwinua Asmahani kitandani. Aliyarudia kila usiku kwa miezi mitano, kama mtu anayehesabu tasbihi.

Mselem hakuwa na nia ya kumchukua. Ila Elizabeti alisema hawezi kufuatana na wanaume wawili mpaka kwenye dansi bila mwanamke mwenzake, na Kristofa akashikilia kwamba Asmahani lazima aende. Asmahani aliposikia aliuliza jambo moja tu, siku gani watakwenda kwa mama. Mselem akatazama ukuta. Akasema bahati mbaya, mama amekwenda Mombasa kwenye arusi ya jamaa, yeye mwenyewe ndiye aliyempandisha gari la mpakani Horohoro siku kumi zilizopita. Asmahani alilivuta kapu karibu naye. Halafu akasema kapu atalibeba hata hivyo, ataliacha kwa Mboni, jirani wa mama. Mselem akasema mtu hachukui mizigo katika safari ya starehe. Asmahani akalibeba.

Walifika Ngamiani wakiwa na vumbi na njaa. Hoteli ya Bi Kijakazi ilikuwa chumba kimoja chenye meza nne, nyuma ya pazia. Bi Kijakazi mwenyewe, mwanamke mnene mwenye uso wa ukarimu, alimpokea Mselem kama mtu wa nyumbani, akawaweka wanawake mezani pao peke yao. Pilau ikaja. Elizabeti alikuwa akitazama kila kitu kwa macho ya furaha, na ndiye aliyesogeza chupa ya achari katikati ya meza.

Mdomo wa chupa ulikuwa umefungwa kitambaa cha kanga ya zambarau yenye pindo la korosho nyeusi. Asmahani alikitazama kitambaa kile. Kanga yenyewe ilichanika mwaka jana na aliikata vipande kwa mkono wake. Alichovya kidole, akaonja. Uwatu ulikuwepo. Papai bichi lilikuwepo.

Bi Kijakazi alimwona akionja. Akasema, bila ubaya wowote, "Kula, mwanangu. Hiyo achari ndiyo inayoniletea watu. Mumeo hajanitupa, kila mwezi ananiletea, na samli, na ng'onda. Anatengenezewa na shangazi yake huko Mwera. Ndiyo maana na mimi simnyimi sahani."

Asmahani aligeuka kumtazama mumewe katika meza ya pili. Mselem alikuwa amesikia. Aliacha kutafuna kwa muda mfupi, kisha akaendelea. Mafuta yalikuwa yamemchora mstari kutoka pembe ya mdomo hadi kidevuni, punje ya wali imenata kwenye sharubu. Alimeza, akaanza kumweleza Kristofa habari za Raskazone kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na huku akieleza alinyonya vidole vyake kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba. Asmahani alihesabu vidole vile. Alipofika cha nne, tumbo lilimpanda hadi kooni.

Alinyanyuka, akaenda kunawa, akachukua kapu lake. Mselem akamwambia asubiri, watakwenda wote kesho, na hata hivyo nyumba itakuwa imefungwa. Asmahani akatoka nje ya pazia. Elizabeti, ambaye hakuelewa kitu ila aliuona uso wa mwenzake, alijifunga kanga akamfuata. Baadaye Kristofa alimsimulia mkewe kwamba Mselem alibaki ameketi, akaagiza chai.

Nyumba ya mama haikuwa mbali. Harufu iliwapokea ukumbini kabla ya mtu: harufu tamu na nzito, kama ya nyama iliyosahauliwa. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mama alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, mguu wa kushoto umeviringishwa matambara yaliyogeuka rangi, na nzi wamejaa. Alikuwa amebaki mifupa.

"Shikamoo mama," Asmahani alisema.

Mama alifumbua macho. "Marahaba. Umekuja kunizika?"

Mboni aliingia na bakuli la uji, akamkuta Asmahani amepiga magoti. Mboni ndiye aliyeeleza, kwa sababu mama alikuwa amegeuza uso ukutani. Donda lilianza mwaka juzi, mchomo wa mwiba tu. Mselem alifika mara mbili. Mara ya kwanza aliketi. Mara ya pili donda lilikuwa limechimba, naye alisimama mlangoni na leso puani, akasema ana haraka, asionekane tena. Mama alikataa kwenda hospitali akisema anamsubiri binti yake ampeleke. Mboni alimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandikiwa barua, akampa dereva wa lori aifikishe kwa Mselem dukani kwa tajiri. Dereva alirudi akasema Mselem ameipokea kwa mkono wake. Jibu halikuja. Mombasa mama hakwenda. Hata uani hafiki bila kushikwa.

Asmahani alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Mama, ulizika wangapi kabla yangu?"

Mama aligeuza kichwa. "Kabla yako? Wewe ndiye mimba yangu ya kwanza. Nani kakwambia nimezika?"

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yake. Kapu lililoliwa alikuwa tayari ameanza kulikubali, kwa kuwa mwanadamu ni mlafi. Barua pia, kwa kuwa mwanadamu ni mwoga. Lakini alipomtajia watoto wake, mama yake alishtuka; hakujua hata kwamba aliwahi kushika mimba. Wale wawili wa mama waliozikwa ili yeye apone walikuwa wametungwa na Mselem, labda juu ya lori, labda hapo hapo ukingoni mwa kitanda, huku samli ya mama haijakauka tumboni mwake.

Elizabeti alilisogelea donda. Alikuwa amekulia karibu na zahanati ya misheni na aliwahi kuwasaidia masista. Akamwomba Mboni maji yachemshwe na chumvi itiwe. Wakalifungua donda wakiwa watatu. Matambara yalikuwa yameshikana na nyama, na chini yake mlikuwa na funza. Mboni alitoka nje akatapika. Asmahani alishika mguu wa mama yake akaushikilia mapajani, Elizabeti akasafisha, na Asmahani akashangaa kwamba tumbo lile lile lililochafuka mbele ya sahani ya pilau halikuchafuka hapa. Harufu ya mama ilikuwa harufu ya ugonjwa tu.

Walipomaliza, mama akamtaka Asmahani asogee. Akamwuliza wale watoto walikuwa wa kike au wa kiume, na wamelazwa upande gani wa makaburi. Asmahani akamwambia. Mama hakusema neno la kufariji. Aliweka mkono wake mkavu juu ya mkono wa binti yake, hakuuondoa mpaka adhana ya magharibi.

Mselem alifika baada ya sala, amevaa suti nyeupe, nywele zinang'aa mafuta, Kristofa nyuma yake. Hakuingia chumbani. Asmahani alimfuata ukumbini akamkuta ameshika leso puani.

Aliyasema mengi. Alisema harufu ile ilimshinda, si kosa lake, kuna watu hawawezi kuona vidonda. Alisema alidhani mama atapona, kisha siku zikapita, akaona aibu kurudi, na kapu lingeoza mkononi. Alisema kwa Bi Kijakazi alikula sahani mbili tatu tu, na hakumpa mwanamke mwingine hata punje. Mwisho akaiondoa leso puani, akasema kwa upole, kana kwamba hapa ndipo anapostahili shukrani, "Na wewe ulikuwa unaumia, Asmahani. Nilikuletea maneno mazuri. Yalikudhuru nini?"

"Nililala nayo," Asmahani alisema. "Mwanangu akiwa kaburini, nilikuwa nikiyaweka mdomoni kila usiku nikidhani yametoka kwa mama. Kumbe nilikuwa nameza mate yako."

Mselem alitazama viatu vyake. Kisha akamwambia ajitayarishe, watayazungumza njiani, watu wanaanza kuingia kwenye dansi. Asmahani alirudi chumbani kwa mama. Kristofa, mtu mpole ambaye hakuwa na desturi ya kuingilia mambo ya nyumba za watu, alimwambia aende mwenyewe, yeye na mkewe wamechoka. Na Mselem akaenda. Asmahani alimsikia akisafisha koo barazani, na baadaye, upepo ulipogeuka, akasikia tarumbeta.

Asubuhi Kristofa alikodi mkokoteni. Wakatandika godoro, wakampandisha mama, wakamsukuma wanne kwa zamu hadi hospitali, Elizabeti katika viatu vyake vya kwendea misa. Misa iliwapita, na mapango hawakuyaona. Daktari alisema wangechelewa mwezi mmoja zaidi mguu ungekatwa. Jioni Mselem alirudi Pangani kwa basi, peke yake.

Baada ya majuma matatu alikuja tena Tanga na wazee wawili kumrudisha mkewe. Asmahani aliwakaribisha vizuri, akawaamkia, akawapa chai. Aliwaeleza wazee kwamba hana hasira, na kweli hasira ilikuwa imekwisha. Mzee mmoja akamwuliza kama ni hivyo kinachomzuia ni nini. Asmahani aliinua sinia akaanza kukusanya vikombe. Mselem alikuwa amenyoosha mkono kurudisha kikombe, mdomo wa kikombe una unyevu pale alipokunywa, na Asmahani hakuweza kukipokea. Alibaki ameshika sinia, mkono mmoja umejificha ndani ya buibui, mpaka mzee yule akakichukua kikombe mwenyewe akakiweka chini. Hawakuendelea kumshawishi.

Talaka ilifika mwezi uliofuata, imeletwa na dereva wa lori. Mama alikuwa ametoka hospitali, anajifunza kukanyaga, na donda lilihitaji kufunguliwa mara mbili kwa siku. Asmahani alimwita mwalimu wa chuo amsomee karatasi ile, akaisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda uani kuanika bendeji alizofua asubuhi.