Maungamo ya Kiungulia

Kisilu, fundi wa cherehani pale sokoni Kikima, alikuwa amemaliza miezi miwili bila kiungulia, na furaha yake haikuwa na breki. Miaka sita kifua kilimwaka kila alipokula, mpaka sista wa zahanati akamwekea sheria: ale kidogo kidogo, aache mafuta, pilipili na chai kali, wala asilale tumbo likiwa limejaa. Alitii kama kuruta. Sasa alishona akiimba.

Lakini Jumapili hiyo ya mwaka 1979 alialikwa na mzee Evanson Gachanja, mtu wa Nyeri aliyehamia Kikima kuuza mbegu, ili wazungumze habari za binti yake, Waringa.

"Baba akikupakulia, maliza," Waringa alikuwa amemwonya. "Mchumba wa kwanza aliacha nusu ya mukimo. Hakuitwa tena."

Kisilu alimpenda Waringa hadi siku moja akashonea koti la mwalimu mikono mitatu. Angemaliza.

Akamaliza. Mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, mbavu za kondoo zinazochuruzika mafuta, pilipili, chai vikombe vitatu. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kumbe hawakuwahi kuugua kiungulia! Moto ulipanda, Kisilu akashika kifua, machozi yakamlengalenga.

"Ni nini, kijana?" Gachanja akauliza.

Neno lenyewe alilijua vizuri, ila lilimtoroka. "Mzee, moyo inanichoma."

Loo! Nyumba hiyo ilikuwa ya watu wa uamsho. Kwao moyo ukichoma maana yake ni moja tu: dhambi imekubana, ungama. Gachanja akaweka kikombe chini. Mkewe, Wangui, akafumba macho na kuanza kuimba pambio polepole.

"Sema yote, ndugu. Ilianza lini?"

"Miaka sita, mzee. Nilikuwa nimeacha kabisa. Leo nimerudia, tena hapa kwako."

"Kwangu!"

"Na sista alinikataza. Alisema nisikimbilie kulala."

"Sista gani?"

"Wa zahanati. Ndiye aliniambia mambo ya kitanda."

"Kitanda! Waringa, toka nje!"

Waringa hakutoka. Alikuwa ameuma leso, mabega yakitikisika kwa kicheko. Kisilu hakuona la kuchekesha. Aliona mchumba anamponyoka hivi hivi, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na hofu ikamfungua mdomo.

"Ni mafuta, mzee! Ni kondoo! Nikikula mafuta nilale, asidi inapanda, inachoma hapa, mdomo inakuwa chungu! Kitanda nimeinua na matofali mawili upande wa kichwa, ndiyo isipande!"

Pambio likakatika. Gachanja akasogeza kiti chake karibu.

"Chungu," akasema taratibu. "Na ukilala unakohoa?"

"Sana."

"Ukikaa wima inashuka?"

"Inashuka, mzee."

Gachanja akamgeukia mkewe. "Mama Waringa! Miaka kumi na moja!"

Wangui aliangua kicheko hadi akashikilia meza. Miaka kumi na moja mumewe aliamka moyo ukimchoma, akapiga magoti kutubu. Alitubu dhambi zake zote zikaisha, akaanza kutubu za kaka zake.

"Niliungama mbele ya kanisa kwamba niliiba mbuzi wa jirani yetu Mulei," mzee akasema. "Hata nikamrudishia mbuzi."

"Na hukuiba?" Kisilu akauliza.

"Mulei hajawahi kupoteza mbuzi!"

Wakacheka wote wanne, Kisilu akicheka kwa mkono mmoja kifuani. Mzee alipofuta macho, alimshika bega.

"Mwanangu, harusi tutafanya Agosti. Na hakuna kondoo. Ni ndizi za kuchemsha na maji."

"Baba!" Waringa akaruka. "Watu watasema sisi ni wachoyo!"

"Waache waseme," Gachanja akajibu. "Mimi nataka kulala."