Konokono wa Kiangazi

…na kwa nini simu iite sasa hivi, sasa hivi kabisa, mwenyekiti ameshauliza, "Kuna mjumbe mwenye uhusiano na mwombaji huyu? Kama yupo atupishe," na Profesa alikuwa ameshavuta pumzi ya kujibu, kujibu nini hata yeye hajui, simu ikaita, mwenyekiti akainua kidole kuomba radhi, "Ee, mama watoto… maji? yanatokea wapi?", na wajumbe wengine watatu wakaanza kutazama dari kana kwamba hawajawahi kuiona, wakati kila mmoja anajua, jina la mwombaji limefunikwa kama utaratibu unavyotaka lakini linamficha nani, nchi nzima watu wanaosoma konokono wa madimbwini ni wawili, mmoja ni yeye aliyeketi hapa na mwingine ni Kijiko, mwanafunzi wake, aliyepewa jina hilo tangu siku aliyochota konokono kwa kijiko cha chai kwa sababu kichoteo cha maabara kilivunjika na idara ikasema bajeti imeisha, na uhusiano wenyewe ukianza kuufuatilia humu ndani utakesha, katibu ni shangazi yake Kijiko, mhandisi amemwoa mdogo wake katibu, daktari wa mifugo alimfundisha Kijiko mwaka wa kwanza, wakitoka wote wenye uhusiano vitabaki viti viamue… "Funga koki! Si hiyo, ya nje, nyuma ya tangi"… basi atoke au abaki, akibaki bila kusema kesho mji mzima utajua Profesa alimbeba mtu wake, na akitoka nani atamtetea huyu mtoto, mhandisi konokono anayemjua ni yule anayemlia kabichi zake tu, na mfuko wa utafiti ni huu mmoja, anapewa mtu mmoja kwa mwaka, ukiukosa unabaki na wafadhili wa nje ambao mwaka jana walitaka mbu na kila mtu akageuka mtu wa mbu, hata yule wa idara ya historia aliandika historia ya mbu, akapata, na Kijiko hakupata, Kijiko bado anaishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja kwa kuwa ajira zimesitishwa, fundi wa maabara alistaafu na hakuletwa mwingine, koti lake bado linaning'inia mlangoni, na Profesa mwenyewe ameongezewa muda kwa kuombaomba, akiondoka Kijiko na yeye akichoka, maabara itakuwa stoo ya kompyuta mbovu, mkuu wa idara alishapita juzi akiipima kwa macho, akasema tu, "Chumba hiki kina hewa nzuri"…

Na ataondoka, Kijiko mwenyewe alisema, wakiosha trei pamoja, bila kuinua uso, "Mwalimu, kuna nafasi nimepata huko nje, miaka minne, maabara kamili," na Profesa akamkata kauli, ee, alimkata, "Subiri kwanza huu mfuko wetu. Tukiupata utakwenda kutafuta nini?", na mtoto akaendelea kusugua trei iliyokwisha takata, "Sawa, Mwalimu. Tukiupata nitabaki, nakuahidi. Ila safari hii niache niandike mwenyewe"… "Mwambie fundi asiondoke, nakuja"… na ameandika vizuri, lugha inateleza, mhandisi alishasifu walipokuwa wakinywa chai, huyu amejipanga, konokono watakusanywa kiangazi, barabara zitapitika, na kweli imeandikwa hapa ukurasa wa katikati, kiangazi, madimbwi yakishakauka… yakishakauka… hapana, kiangazi konokono hawapo, wamejichimbia matopeni wamelala, utazunguka na gari mwezi mzima urudi na vumbi, na anayelijua hilo kuliko mtu yeyote ni Kijiko, ndiye aliyewafukua kwa kile kijiko chake, akaja mbio matope mpaka magotini akipiga kelele, "Wako chini, Mwalimu, wako hai!", sasa imekuwaje aandike hivi, amechoka, amekosea, hapana, mtu hakosei kitu alichokigundua mwenyewe, amefanya makusudi, ameandika ombi la kunyimwa, na ameliandika kwa namna ambayo ni mtu mmoja tu katika chumba hiki atakayeona… "Basi weka ndoo, weka ndoo mama, usilie"… ameshindwa kumwambia usoni, nataka kwenda, Mwalimu, niache niende, maneno machache tu, na Profesa akaona aibu ikimpanda mpaka masikioni, yeye ni mtu wa namna gani mpaka mtoto aliyemlea miaka yote hii aogope kumwambia neno hilo, na huku muda wote amekuwa akijiambia anamtetea, anamtetea nani, alikuwa akijitetea yeye na chumba chake chenye hewa nzuri, na hofu ikageuka upande wa pili ikawa kali zaidi, maana hawa watampa, ndiyo, watampa, akitoka watampa kwa heshima yake na akikaa kimya watampa vilevile, barabara zitapitika, na Kijiko ni mtu wa kutimiza ahadi, atabaki, atazeeka humo akisaini mkataba wa mwaka mmoja mmoja na kumwitikia sawa Mwalimu, basi lazima aseme yeye, aseme namjua, na aseme ombi hili halifai, kiangazi hakuna konokono, yote kwa pumzi moja kabla hawajamfungulia mlango, na katibu atafika jioni kwa ndugu zake kusema ni Profesa mwenyewe aliyemchinja, na Kijiko atanuna au atacheka au atafungasha, yote mamoja, atakwenda… "Haya, baadaye," mwenyekiti akalaza simu mezani, "samahanini, ndugu wajumbe, maji yamejaa hadi sebuleni. Nilikuwa nauliza, kuna mwenye uhusiano na mwombaji huyu?", na macho yote yakashuka kutoka darini yakamjia yeye, na Profesa akaona jinsi wanavyomtabasamia, wote, kama watu walioficha zawadi nyuma ya mgongo…