Kikao cha Majiko Ndani ya Sikio

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwenye kikao cha ukoo, na kikao chenyewe kinafanyika ndani ya sikio langu la kushoto. Sikushangaa. Niliwaza tu kwamba wangenipa taarifa mapema ningelisafisha.

Ajenda niliijua. Bibi Skolastika, aliyemzaa mama, alipofika miaka sitini alikuwa kiziwi kabisa, na sukari juu. Sasa mama ana hamsini na sita, redio yake inasikilizwa na mtaa mzima, na kila nikimwambia akapime ananijibu, "Nipime nini, Bona? Mimi unga?"

Nainama, naingia. Mlangoni kuna jiko la mkaa limejifunga kanga.

"Nani wewe?"

"Bonaventura Mbena."

"Mbena ndiye nani?"

"Baba yangu."

"Humu hatumjui. Taja mama."

"Eufrasia."

"Mama yake?"

"Skolastika."

"Mama yake?"

"Melania."

"Haya, pita." Halafu linanishika bega. "Ngoja. Hiyo pua?"

"Ya baba."

"Iache nje."

Naivua, naitundika kwenye msumari. Haiumi. Baba mwenyewe yuko hapo nje kwenye kigoda. "Nenda tu, mwanangu," ananiambia. "Nitakuangalizia."

Ndani, sikio limekuwa ukumbi wa parokia. Viti vya plastiki, na majiko kama elfu moja yamekaa kimya. Nilisoma mambo ya seli miaka miwili kabla mimi na chuo hatujachokana, kwa hiyo niliyatambua: ni mitokondria, majiko yanayoipikia kila seli nguvu zake, yale tunayoachiwa na mama peke yake.

Kwetu Uluguru ukoo unafuata mama, na kikao anaendesha mjomba. Basi mjomba Kunambi anasimama, anakohoa, anashika mkanda. "Mimi kama mkuu wa ukoo huu..."

"Kaa chini, Kunambi," linasema jiko la mbele. "Sisi tunaishia kwako."

"Mnaishiaje? Nina watoto saba!"

"Na wote saba wanapikiwa na majiko ya mkeo."

Mjomba anakaa. Sijawahi kumwona akikaa upesi hivyo.

Jiko la mbele lina sauti ya bibi Skolastika. Naliuliza kwa adabu, "Shikamoo bibi. Mama atakuwa kiziwi?"

"Marahaba. Sisi si waganga. Humu kuna majiko mazima na kuna yenye ufa. Mama akizaa anachota tu kwa kiganja, huyu anaangukiwa na nyufa nyingi, ndugu yake chache. Nyufa zikizidi, masikio ndiyo yanaanza kulala njaa, na sukari inapanda. Hesabu yanayotoa moshi, ujue hatari ikoje."

Naanza kuhesabu. Ukumbi una giza, moshi hauonekani, yote ni meusi tu. Hapa dawa ni kunusa. Nanusa. Nakumbuka sina pua.

Nafika jiko la mia nne, bado sijui lolote. Moja linacheka mpaka majivu yanaruka. "Msomi huyo!"

Mlangoni nasikia vurugu.

"Mbena hana jiko humu!"

"Sina jiko, sawa," baba anasema, "lakini nyumba mnayopikia nusu nimejenga mimi. Ikivuja, moto wenu utakuwa wapi?"

Majiko yanatazamana. Hilo hayakulitegemea. Baba anarusha pua dirishani, naidaka, naivaa haraka juu chini. Harufu inaingia yote kwa mpigo, mpaka machozi.

"Thelathini kwa kila mia," nasema nikimaliza.

"Basi hiyo si hukumu," anasema bibi. "Ni sababu ya kupima mapema na kupunguza sukari kwenye chai. Na hayo ni ya kwako. Ya mama yako kamuulize mwenyewe."

Nageuka kuuliza jingine, ukumbi umeshakuwa jikoni kwa mama. Anageuza vitumbua. Redio inaunguruma.

"Bona, umevaa pua kinyume."

"Mama, twende tukapime. Masikio na sukari."

"Nani? Wewe uliyeruka dirisha la darasa siku ya chanjo?"

"Natangulia mimi kutobolewa."

Anazima redio. Tangu Pasaka sijamwona akiizima.

"Apa."

"Naapa kwa kitumbua hiki."

"Hicho kimeungua."

"Ndiyo nimeapia hicho hicho."

Anacheka, anaficha meno kwa mwiko. Halafu ananiambia taratibu, "Unajua mama yangu alikuwa anacheka watu wakicheka, hajasikia neno. Mimi naogopa hivyo tu." Anafuta macho, anasema ni mafuta. "Kesho saa mbili. Ukikimbia nawapa watani habari yako, wakuimbe mpaka msibani."

Nikaamka. Simu inalia. Saa mbili na dakika tano asubuhi.

"Uko wapi?" Mama anapiga kelele kama kawaida yake. "Niko kwenye benchi la kituo cha afya, mbele yangu kabaki mmoja!"

Nikakaa kitandani. Wiki nzima nilikuwa sijaongea naye.

"Mama, tumepanga lini?"

"Usinitanie mimi! Umeniapia kwa kitumbua kilichoungua, leo unaniuliza lini? Njoo. Nesi ameuliza nani anaanza kutobolewa, nimemtajia jina lako."