Mkanda Uliomshika Kipanga

Mke wa Kipanga hakuwa mtu wa kupamba kuta. Sebuleni kwake palikuwa na picha ya harusi, saa iliyogoma kutembea, na mkanda wa usalama wa mume wake uliotundikwa kwenye msumari kando ya dirisha, tepe zake za mabegani zimelegea kama mtu aliyerudi kazini hoi. Mgeni wa mara ya kwanza hakukosa kuuliza, "Hizi nazo ni hatamu za punda, mama?" Hapo mwenyeji angecheka, amvutie kiti, aanze kusimulia.

Mume wake alikuwa mmoja wa mafundi wa juu katika kiwanda cha saruji, wale wanaopanda mapaa na maghala marefu kuziba mabati na kukwangua saruji iliyoganda. Jina la Kipanga alipewa na wenzake kwa jinsi alivyotua ukingoni mwa paa bila wasiwasi, kama ndege. Siku ya siku akakanyaga bati la plastiki, lile la kupitisha mwanga. Vumbi lilikuwa limelifunika likafanana na mabati mengine. Bati likapasuka, Kipanga akaenda nalo. Lakini kamba yake ilikuwa imefungwa mahali pake, na mkanda ukamdaka mabegani na mapajani. Akabaki ananing'inia juu ya mitambo inayosaga, anapiga mateke hewani.

"Walipomvuta juu," mke angesema, "neno lake la kwanza lilikuwa, 'Nani kaiona kofia yangu?'" Watu wangecheka wakishika mbavu. Kisha angeugusa mkanda kwa ncha za vidole. "Mungu hamtupi mja wake. Akitaka kukushika, atakushika hata kwa utepe."

Jambo moja hakulisimulia, kwa sababu hakuliona kuwa jambo. Kipanga alipoletwa nyumbani mbavu zimemvimba, mkanda uliletwa naye ndani ya mfuko. Mke akaukung'uta vumbi, akaufuta kwa maji, na alipofika begani akaona sehemu ya utepe iliyokuwa imekunjwa na kushonwa imefumuka, kama pindo la sketi ya mtoto wa shule. Ndani ya mkunjo kilichungulia kitambaa chekundu. Basi, huyu hakuwa mwanamke wa kuona pindo limefumuka akalipita. Alichukua sindano ya kushonea viatu na uzi wa nailoni, akaukunja utepe kama ulivyokuwa, akaushona mshono wa kurudi nyuma, mdogomdogo, na kwa kila tundu akalitaja jina la Mungu. Fundo la mwisho akalificha ndani. Mama yake alimfundisha kwamba fundo likionekana nje ni aibu ya mshonaji.

Kipanga hakupanda tena. Mbavu zilikataa, akahamishiwa getini kufungulia malori. Hakuna aliyeudai mkanda wake, kwa kuwa pale kiwandani kila fundi alikaa na wake nyumbani. "Mkanda ni kama mswaki," Kipanga alizoea kusema, "hauazimwi." Ukabaki msumarini, jua la dirishani likiupiga kila asubuhi.

Wakati ukapita, binti yao wa pekee akaolewa. Mkwe alikuwa kijana mrefu mno, mpaka watu wakamwita Ngongoti, mcheshi na mwenye mikono isiyochagua kazi. Binti alipokuwa na mimba ya kwanza, Ngongoti akachukuliwa kiwandani, tena kwa mafundi wa juu.

Binti alikuja kwa mama yake na uso umemshuka. "Mama, mkanda waliompa umechakaa. Mwenyewe anasema ni kamba ya kuanikia nguo. Akitoka asubuhi, mimi chai haipiti kooni."

Mama akainua macho ukutani. Kipanga aliyeona macho yanakoelekea akakohoa. "Nilisema hauazimwi."

"Hauazimwi. Unarithiwa."

"Ananirithi nami niko hai?"

"Uko hai kwa sababu ya huo," mke akamjibu.

Jioni Ngongoti alisimama katikati ya sebule, mama mkwe wake akimvisha. Aliuvuta huku, akaulegeza kule. Utepe ulikuwa mfupi kwa mwili ule.

"Mama, nikionekana nimenyongeka, mshtakiwa ni wewe."

"Koma! Simama wima."

"Nikisimama wima dari litalalamika."

Hata binti akacheka, na ndicho mama yake alichokuwa anakitaka. Akapitisha kiganja begani, juu ya ule mkunjo, akaombea kwa sauti. Kisha akamgeukia mwanawe. "Huu umekwisha kumshika mmoja. Utamshika na huyu. Usiogope, nenda kalale."

Siku hizo kiwanda kilikuwa kimeleta mkaguzi wa usalama, kijana mpole asiyejua habari za zamani za pale. Kila asubuhi aliwasimamisha mafundi na kuwaangalia mabegani. Aliyekuwa na mkunjo uliofungika alipanda. Aliyefumukiwa alinyang'anywa mkanda, na kwa kuwa ya akiba ilikuwa michache, mtu huyo alishinda chini akifagia vumbi, wenzake wakimwita mama mfagizi. Mkaguzi aliwaeleza sababu mara moja tu, katikati ya kelele za mitambo. Walioisikia hawakuitilia maanani. "Anakataa mkanda mzima kwa ajili ya uzi!" walinung'unika. Alipofika kwa Ngongoti alitazama mkunjo, akaona umetulia vizuri. Akampigapiga begani, akampitisha.

Kisha mchomeleaji, rafiki wa Ngongoti, akaja nyumbani na mfuko kwapani. "Mama, niliteleza ngazini, mkanda ukanidaka. Mungu mkubwa! Ila pindo limefumuka, na yule bwana akiliona atanipa ufagio."

"Mungu mkubwa kweli," akasema mke wa Kipanga, na machozi yakamlengalenga. Akashona. Baada yake akaja mwingine, na mwingine, kila mmoja na simulizi yake ya kushikwa. Alikuwepo hata fundi mmoja mwenye kovu kidevuni, aliyeona haya kuomba, akasingizia kwamba ameleta mkanda wa mwenzake. Aliwashonea wote bila kutaka shukrani. Ilikuwa kama anakusanya shuhuda, na kila aliyetoka mlangoni alimhesabu kuwa ni mtu mwingine aliyemkabidhi kwa Mungu. Lakini usilolijua ni kama usiku wa giza.

Habari ilimkuta akianika nguo mchana wa jua kali. Alimwona mume wake anakuja kwa miguu kutoka getini kiwandani, kofia mkononi, saa ambayo hakupaswa kuwa njiani. Kipanga alifika, akashika kamba ya nguo kama mtu anayetafuta kitu cha kushika. Kule ndani ya nyumba binti alikuwa anaimba huku anakunja vitambaa vya mtoto, na mama alisimama pale uani akiusikiliza ule wimbo, akijua kwamba ni yeye atakayeingia kuukata.

Walimzika Ngongoti. Jeneza lilibidi litengenezwe upya, la kwanza halikumtosha. Yeye angepata la kusema juu ya hilo.

Matanga hayajaisha, mkaguzi alikuja na kitu ndani ya gunia. Akakaa na wanaume uani. Uvumi ulikuwa umeanza kwamba marehemu hakujifunga sawasawa, kwamba utani ulimzidi. Mkaguzi alizungumza kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nimekuja kusema kwamba alijifunga. Kamba haikukatika. Ndoano haikufunguka. Kilichokatika ni mkanda." Akautoa. Bega moja lilikuwa limeachana, nyuzi zake zimetawanyika kama nywele. "Jua limeula huu, mnaona ulivyopauka. Lakini si jua peke yake. Tazameni hapa." Akafumua mshono kwa kisu, kitambaa chekundu kikatokeza. "Mkunjo huu umewekwa makusudi, kwa uzi dhaifu. Mtu akidondoka, mkunjo unafumuka, nyekundu inaonekana. Maana yake mkanda umekwisha kufanya kazi yake. Umevutika ndani kwa ndani, hauna nguvu ya kushika mara ya pili. Mkanda wa namna hiyo hautengenezwi, unakatwakatwa. Huu uliwahi kumshika mtu, na baadaye akatokea mtu akaushona."

Kipanga alikuwa anaangalia chini. "Ulinishika mimi," akasema.

"Na mkono ulioushona ni wa nani?"

Mke wa Kipanga alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Aliiweka chini taratibu, hata kikombe kimoja hakikulia. "Mkono huo ni wangu," akasema.

Binti, aliyekuwa amekaa mkekani ameegemea ukuta, akamgeukia. Tangu msiba uingie hakuwa amelia mbele za watu, na wakati huo pia hakulia.

"Uliniambia nisiogope, mama."

Mama alitafuta aya, alitafuta sala, hata methali hakuipata. Kilichomjia badala yake kilikuwa uso wa mchomeleaji siku ile mlangoni, akitabasamu na mfuko wake kwapani. Kisha uso wa yule mwenye kovu.

"Mchomeleaji yuko wapi?" akauliza.

"Yuko kazini, mama. Zamu yao imeshapanda," akajibu mmoja wa wanaume.

"Mshusheni! Washusheni wote! Nimewashonea wengi, mimi!"

Mkaguzi alikuwa amesimama tayari. Mke wa Kipanga akavaa ndala, akamfuata. Nyuma yake mwanamke mmoja wa ukoo akaguna, "Mama wa msiba anaacha matanga?" Kipanga akamjibu bila kugeuka, "Mwacheni aende."

Kiwandani honi ilipigwa, mafundi wakashuka mmoja mmoja, weupe kwa vumbi, wakiulizana kulikoni. Wakaingizwa stoo, mikanda ikalundikwa mezani. Mkaguzi aliinua mmoja, akauleta karibu na macho, akatikisa kichwa. "Mama, mimi sioni tofauti. Umeshona vizuri kupita kiasi."

Lilikuwa neno la kawaida, lakini lilimchoma. Alikaa kwenye kiti, akafumba macho, akaanza kupitisha kidole gumba juu ya mikunjo, mkanda baada ya mkanda, akilitafuta fundo lililofichwa. Mingi haikuwa na kitu. Kisha kidole kikasimama. Akaomba wembe, akazikata nyuzi zake mwenyewe, na nyekundu ikachungulia. Mkaguzi akaupokea mkanda, akaukata kwa mkasi mkubwa vipande vipande.

Mchomeleaji aliutambua wake ulipofikiwa. "Mama, huu ulinishika mimi. Huu ni wa baraka."

"Ulikushika, mwanangu. Mshukuru Mungu, mkanda uache." Akaufumua. Mchomeleaji alipoiona ile nyekundu alikaa sakafuni, akaitazama mikono yake.

Meza ilipobaki tupu, mke wa Kipanga akawaangalia wanaume nyuso, mmoja mmoja, kwa macho yale yale aliyozoea kukagulia pindo. "Yuko mmoja ana kovu kidevuni. Simwoni."

Wakatazamana. Mtu akasema, "Yuko juu ya mtambo wa kupandishia mawe. Kule honi haisikiki."

Mkaguzi hakumtuma mtu, alijifunga akapanda mwenyewe. Mke wa Kipanga alitoka nje, akasimama kwenye uwanja wa saruji, kichwa kimeinuka, jua likimwingia machoni. Hakusali kwa midomo. Alishika ukingo wa nguo yake ya msiba kwa mikono miwili, akaukaza, kana kwamba kamba ya mtu yule ilikuwa imefungwa pale. Huko juu vilionekana vitu viwili vidogo, kimoja kikisogelea kingine polepole.

Yule mwenye kovu alishuka akifoka. "Kulikoni? Nimeacha bolti nusu! Mtu hawezi—" Akamwona mama aliyesimama mbele yake. Akavua mkanda wake, akampa kwa mikono miwili. Hata kabla ya kupapasa mama alijua kwamba mshono ni wake.

Alirudi nyumbani jua likiwa limepoa. Waliokuwa uani wakampisha. Hakuna aliyempa pole, na hakuna aliyemsema. Ndani, binti alikuwa mkekani bado, mkono juu ya tumbo, ameukabili ukuta wenye msumari mtupu. Pale mkanda ulipokuwa ukining'inia, rangi ya ukuta ilikuwa imebaki mbichi, umbo la mabega mawili.

"Wamebaki wangapi juu?" binti akauliza bila kugeuka.

"Hakuna. Wote wako chini."

Mtoto alicheza tumboni, kitambaa cha gauni kikatikisika. Kisha binti akaukunja mguu mmoja, akasogea kidogo, na kwenye mkeka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

Mama akakaa. Hakumgusa. Siku nyingine zote saa kama ile angeanza sala yake kwa kushukuru kwa ajili ya mkanda, na sasa aliona kuwa hajui sala inaanzia wapi pasipo huo. Akakaa tu, bega lake karibu na bega la mwanawe.

Kipanga akaingia na koleo. Akaubana msumari, akauvuta mara moja, ukatoka na donge la plasta lililoangukia sakafuni na kupasuka. Hakuna aliyeinuka kuliokota.