Mtetemo wa Kilomita Tisini

Fundi Kimya alikuwa amechuchumaa akifunga tairi la pikapu ya mteja aliposikia injini anayoijua ikiingia getini. Akainua kichwa. Gari lilikuwa la marehemu baba mkwe wake, hilo halikuwa na ubishi: rangi ile ile ya majani makavu, kovu lile lile kwenye mlango wa nyuma. Lakini mara ya mwisho alipoliona, miezi kumi na moja iliyopita, lilikuwa limefunikwa turubai nyuma ya nyumba, limekalishwa juu ya matofali. Sasa lilikuwa limeinuliwa shubiri nzima na ushee, na matairi yake yalimfika kiunoni.

Mlango wa dereva ukafunguka. Kigoda cha mbao kikateremshwa kwa kamba hadi chini, ukafuata mguu mmoja uliovaa raba, kisha wa pili. Mama mkwe wake, mkunga mstaafu mwenye miaka sitini na minne, akakanyaga kigoda, akashuka, akavuta kamba na kukirudisha ndani bila hata kukitazama.

Spana ikamponyoka Kimya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinitolee macho hivyo. Gari linanitetemesha, nimekuja unitazamie."

"Nani... nani amekuleta?"

Mama akageuka, akakitazama kiti cha dereva kilichokuwa kitupu, akamrudia yeye. "Kwani unamwona mtu mwingine?"

Hakuitwa Kimya bure. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika siku zote, na badala ya kuuliza tena akawaza. Baba mkwe, enzi za uhai wake, hakuwahi kumkabidhi mtu ufunguo wa lile gari. Mama alikaa kiti cha pembeni, mkoba mapajani, kwa miaka thelathini. Na kila Jumamosi, kwa karibu mwaka mzima sasa, mke wake Kimya alikuwa akiaga asubuhi kwamba anakwenda kumwangalia mama, maana mgongo unamsumbua, hawezi hata kuinama.

"Na mgongo je, mama?" akauliza.

"Mgongo gani?" Kisha mama akaonekana kukumbuka kitu. Akajishika kiuno. "Aah. Hivi hivi tu, tunashukuru."

Kimya akaamua kushika la gari kwanza. Akauliza mtetemo unaanza lini, na mama akamjibu vile alivyozoea yeye mwenyewe kuwauliza wazazi wodini: unaanzia wapi, unakaa muda gani, unazidi ukifanya nini. Unaanzia chini ya makalio, akasema, si mikononi. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima unakuwa mkali. Ukiachia, unabadilika, unakuwa kama mngurumo.

"Spidi gani?"

"Mimi naenda sokoni na zahanati tu. Polepole."

Wakatoka kulijaribu, Kimya kwenye usukani, mama pembeni. Arobaini, gari limetulia. Sitini, limetulia, ila kitu kama nzi kikavuma mahali fulani sakafuni.

"Bado," mama akasema.

Sabini.

"Bado. Kanyaga, mwanangu, barabara nyeupe."

Ilipofika tisini, kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kinatikisika hata magari yaliyowafuata yakaonekana mawili mawili. Sarafu zilicheza kwenye kisahani cha majivu. Kimya alihisi meno yake yanagongana.

"Hapo hapo," mama akasema kwa utulivu. "Tisini mpaka tisini na tano. Ukipita mia unapungua."

Kimya alimgeukia taratibu. "Mama. Huko sokoni kuna mia?"

Mama akatazama nje dirishani, akawa anasoma mabango.

Akiwa bado kwenye tisini akatoa gia, akaacha gari liserereke lenyewe. Injini ikashuka hadi kunong'ona, lakini mtetemo ukabaki. Basi injini haikuwa na kosa. Waliporudi akapitisha magurudumu yote manne kwenye mashine ya kupimia mizani, nayo yakawa sawa. Akafungua propela ya mbele, ule mhimili wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, akaiweka kando, wakatoka tena. Ilikuwa vile vile, nzi na sarafu na meno. Ikabaki propela ya nyuma.

Alijilaza chini ya gari huku mama akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki hatua tatu kutoka miguuni pake, jambo ambalo lilimtia haya mwanzoni, kisha akalisahau. Akaishika propela kwa mikono miwili na kuitikisa. Ikalia, kakaka. Akafungua boliti nne, akaishusha kifuani, akatoka nayo.

Kwenye kila ncha ya propela kuna krosi, chuma chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu izunguke huku imeinama. Ncha za msalaba huo huzungukia ndani ya vikombe vinne vidogo, na ndani ya kila kikombe kuna sindano za chuma zilizozama kwenye grisi. Kimya alichokonoa kikombe cha kwanza kwenye krosi ya mbele kwa ncha ya bisibisi. Kilichomwagika kiganjani hakikuwa sindano wala grisi. Kilikuwa unga mwekundu, mkavu, kama wa tofali lililosagwa.

Akakaa chini pale pale, juu ya saruji yenye mafuta.

"Nini?" mama akauliza.

Alikuwa akiliona litakalotokea. Krosi hiyo ilikuwa imebakiza siku, pengine saa. Ingekatika, ncha ya mbele ya propela ingeanguka barabarani, na kwa spidi ya tisini ingejichimbia kwenye lami na kulibinua gari lenye urefu ule kama mtu anavyobinua meza. Aliwahi kuona gari moja lililopinduka hivyo. Aliitwa kulivuta baadaye, na hakula nyama wiki mbili.

"Mama, nani aliliinua hili gari?"

"Fundi tu."

"Fundi gani?"

"Fundi wangu."

Kimya akasimama, akachukua kipima pembe cha plastiki, kile cha watoto wa shule, alichokifungia uzi wenye nati inayoning'inia. Akarudi chini. Krosi haifi hivi kwa miezi michache bila kuteswa, na alitaka kujua nani kaitesa. Akapima mdomo wa gia boksi, akapima pua ya difu ya nyuma, kifuko cha gia kinachopokea nguvu ya propela. Vitu hivyo viwili vinatakiwa vilale sambamba, ili mkunjo wa huku ufutwe na mkunjo wa kule. Pua ya difu ilikuwa imeinamia chini nyuzi nane nzima, kama mtu aliyekemewa mbele za watu. Akamulika tochi kati ya springi na ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, akakiona kilichofanya hivyo. Kabari za chuma. Mtu aliziweka ili kuinua pua ya difu, na nia ilikuwa sahihi kabisa, ila alizigeuza. Upande mnene ulikaa mbele.

Hasira ikampanda mpaka masikioni. Akasema akiwa chini ya gari, kwa sauti ambayo vijana wa karakana ya jirani waliisikia:

"Mama, huyo fundi wako ni muuaji! Amekupa jeneza lenye usukani. Nikimpata nitamfunga kwa hizi boliti zake mwenyewe!"

Kiti cha plastiki kikalia kidogo.

Kimya akasogeza tochi ili azione boliti hizo alizoziapia. Zilifungwa vizuri mno, hiyo ndiyo iliyomshangaza kwanza. Nyuzi safi, zimepakwa grisi, zimekazwa kwa mpangilio. Na juu ya kila nati, kikivuka kutoka nati kuingia kwenye bamba, kulikuwa na kistari cha rangi.

Palikuwa na fundi mmoja tu aliyemjua mwenye tabia hiyo ya kuchora kistari kila nati anayoikaza, ili ikilegea ionekane. Wenzake walimcheka kwayo. Fundi huyo ni yeye mwenyewe. Lakini yeye hutumia rangi nyeupe ya ukutani, na hii ilikuwa zambarau iliyokolea, inayong'aa. Rangi ya kucha. Asubuhi hiyo vidole vyenye rangi hiyo vilimwekea kikombe cha chai mezani.

Alikaa chini ya gari muda mrefu. Mwishowe mama mkwe wake ndiye aliyeinama, mgongo ukiwa mzima kabisa, akachungulia.

"Umeona," akasema.

"Nimeona."

"Basi usimpigie simu kwa hasira. Nitampigia mimi."

Mke wake alikuwa mshonaji wa sare za shule, na chumba chake cha cherehani kilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Alifika na futi ya kupimia bado imening'inia shingoni. Alimtazama mume wake, akamtazama mama yake, akaitazama propela iliyolazwa kwenye gunia, akajua.

"Nilitaka kukwambia," akasema.

Kimya akanyoosha kiganja. Ule unga mwekundu ulikuwa bado humo. "Hii ndiyo krosi yenu."

Mke wake akausogelea, akaugusa kwa kidole. Hakuhitaji kuelezwa, hilo nalo lilimshtua Kimya, jinsi uso wake ulivyobadilika kabla hajaambiwa lolote.

"Imesagika yote?"

"Yote."

"Jumamosi tulishuka mlima kwa tisini na tano," akasema polepole. "Mama akiwa kwenye usukani." Akashika ukingo wa meza ya vyuma. "Ningemuua mama yangu."

"Na wewe mwenyewe," Kimya akasema.

Mama mkwe akaingilia, akasimulia kama mtu anayetoa taarifa ya zamu. Kwamba mwezi wa tatu wa ujane alilivua gari turubai na kujifunza kuendesha uani, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka akaangusha banda la kuku. Kwamba kuna wenzake wanne, wote wastaafu, wanaopenda kupanda vilima kwa magari siku za Jumamosi. Kwamba binti yake ndiye aliyenunua springi, akasoma, akapima, akafunga, siku kumi na mbili, na yeye mama kazi yake ilikuwa kushika tochi.

"Mbona hamkuniambia?" Kimya aliuliza, na swali alimpa mke wake.

"Nilikuomba unifundishe, mwaka ule tulipooana. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Hakukumbuka.

"Ulicheka. Ukasema gereji si saluni. Ulisema mbele ya mafundi wako."

Kimya alitafuta kichwani akakuta giza. Hilo lilimchoma kuliko kama angekumbuka.

"Kabari," akasema, ili asimame kwenye kitu anachokijua. "Kwa nini upande mnene mbele? Umefunga kila kitu sawa. Kwa nini hicho?"

Mke wake akamkazia macho kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kwa sababu wewe ndiye uliyesema."

"Mimi?"

"Mezani. Ulikuwa unasimulia lile gari jekundu la mteja wako. Nikakuuliza, sasa zile kabari zinakaaje? Ukasema upande mnene unakaa mbele. Nikauliza tena nihakikishe. Ukasema mbele, mwanamke, nipe chumvi."

Kimya akafumba macho. Gari jekundu. Lile springi zake zilipita chini ya ekseli. Hili la baba mkwe springi zilikaa juu. Kwenye lile, mnene mbele. Kwenye hili, mnene nyuma. Tofauti ambayo mwanafunzi angeelezwa siku ya kwanza, kama mwalimu angeuliza tu: kwani unataka kujua ya nini?

"Ni kweli," akasema. "Nilisema."

Yule muuaji aliyemwapia akiwa chini ya gari alikuwa amejifunza kutoka kinywani mwake, kinywa kilichojaa chakula. Mama mkwe, aliyeyasikia matusi yote yale, alitazama pembeni kwa heshima.

Kisha mke wake akavua ile futi shingoni, akaitundika kwenye msumari, akachukua jeki.

"Nionyeshe mara moja," akasema. "Nitafunga mwenyewe."

Akamwonyesha, kwa kuchora chini kwa chaki, magari yote mawili. Safari hii alieleza mpaka mwisho, akaulizwa maswali saba, akajibu yote. Kisha akashika tochi. Mke wake alizilegeza boliti, akazitoa kabari, akazigeuza, akakaza upya kwa mpangilio ule ule wa msalaba, mkono wake ukijua lini imetosha. Krosi mpya waliziingiza pamoja. Kipima pembe kilisoma nyuzi tano mbele na tano nyuma.

Alasiri wakatoka wote watatu. Mama aliendesha, mke wake akakaa pembeni, Kimya nyuma, mahali ambapo hajawahi kukaa katika gari lolote alilolitengeneza. Sabini, themanini. Tisini. Akaweka kiganja sakafuni, akasubiri. Barabara ilipita chini yao na sakafu ikabaki sakafu.

"Unasikia kitu?" mke wake akauliza bila kugeuka.

"Sisikii."

Mama akaongeza mafuta. Mia. Mia na tano. Kimya akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Umefunga vizuri," akasema.

"Eti?"

"Nimesema umefunga vizuri! Na lile la saluni, nisamehe."

Mke wake akamgeukia. "Hilo la pili," akasema, "utalisema kesho, mbele ya mafundi wako."

Kesho yake saa mbili asubuhi, mafundi wakiwa bado wanavaa ovaroli, akalisema.