Kikohozi Kisichokuwa Kwenye Karatasi

Rafu za duka la dawa zilikuwa tayari miaka minne kabla ya mfamasia. Baba mtu, seremala mwenye mkono wa haraka na subira ya kiberiti, alizipiga randa wiki ileile barua ya chuo ilipofika, akazipaka vanishi, ndipo akakumbuka kwamba duka la kuziweka halikuwepo. Basi zikasimama sebuleni, kutoka sakafuni hadi darini, na familia ikajifunza kupita kiubavu. Rafu za juu mama alipanga sufuria. Ile ya chini, iliyokusudiwa dawa zenye sumu, mjomba aliweka viatu vyake, na kwa harufu yake hakuna aliyesema imetumika vibaya.

Binti mwenyewe waliacha hata kumwita jina. Alikuwa Dokta. Aliitwa Dokta tangu mwaka wa kwanza, wakati elimu yake yote ilikuwa kuosha chupa za maabara na kuandika tarehe juu ya chupa iliyooshwa. Kila Jumapili shangazi alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa vidonge vilivyopoteza pakiti zao, akavimwaga mezani.

"Dokta mwanangu, hiki cheupe ni cha nini?"

"Shangazi, vidonge vyeupe viko maelfu."

"Basi hiki chenye mstari katikati."

"Baadaye, shangazi. Nasoma."

Alisema hivyo macho yakiwa kitabuni, na shangazi aliondoka ameridhika, kidonge chenye mstari akiwa amekwisha kukimeza. Watu wengine bwana, bora waambiwe "baadaye" na ndugu kuliko watibiwe na mgeni.

Mambo yaliharibika mwaka wa nne, kwenye mtihani wa kutoa dawa. Mtihani huo ni mchezo wa kuigiza ambao waigizaji wake hawaruhusiwi kucheka. Chumba kimoja cha idara hupangwa kama duka la dawa: kaunta, kisahani cha kuhesabia vidonge, lebo moja tu kwa kila mtahiniwa. Mgonjwa wa bandia huingia na cheti cha daktari. Mtahiniwa ana dakika nane za kukisoma, kumhoji mgonjwa, kuhesabu dawa, kuandika lebo na kutoa maelekezo. Pembeni hukaa mhadhiri na orodha ya visanduku, akitia tiki au akiacha kutia.

Mhadhiri huyo waliyemwita Mizani hakuwahi kumpa mtu hata robo ya alama kwa huruma. Ilisemekana hata sukari ya chai yake aliipima kwa gramu. Dokta alipokea cheti chake, akasalimia vizuri, akahesabu vizuri, akaandika lebo kwa mwandiko wa kupendeza, akakabidhi dawa kwa tabasamu. Cheti kilikuwa cha mtoto wa miaka mitatu. Dozi ilikuwa ya mtu mzima.

"Mtoto amekufa," alisema Mizani, bila kupandisha sauti. "Nenda nyumbani."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kuanzia siku hiyo Dokta alitafuta makosa katika kila kitu kilichoandikwa, hadi kwenye ratiba ya maji ya mtaa. Alipewa nafasi moja ya kurudia mtihani, miezi miwili baadaye. Akifaulu, anahitimu na wenzake. Akifeli, anarudia mwaka mzima wa nne, darasa moja na watoto aliokuwa akiwaonyesha njia ya maktaba. Baba alishasimulia karakana nzima kwamba binti yake anamaliza mwaka huu, na seremala akishasema mbele ya maseremala, maneno huwa yamepigiliwa misumari.

Basi akaingia kwenye Daftari la Marehemu. Hilo lilikuwa daftari kuukuu ambalo kila darasa lilirithi kutoka kwa darasa lililotangulia, na ndani yake vizazi vya wanafunzi wa famasia viliorodhesha wagonjwa wote wa bandia waliowahi kuuawa kwenye mtihani, na jinsi walivyouawa. Huyu kwa dozi mara mbili. Huyu kwa mzio ambao hakuulizwa. Huyu kwa dawa mbili zisizopatana. Fundisho lake lilikuwa moja: kila cheti kina kosa. Ukiliona, mrudishe mgonjwa kwa daktari. Usipoliona, umeshaua. Dokta alilikariri lote, marehemu mmoja mmoja, kama mtu anayejiandaa kuhutubia makaburi.

Ajabu ni kwamba marehemu wote hao walikuwa mtu mmoja. Mgonjwa wa bandia wa idara alikuwa mwanamke anayefagia korido zake, na wanafunzi walimwita Mama Mgonjwa. Miaka kumi na moja alikuwa akiigiza. Alishaugua kisukari, pumu, na mimba, tena mimba akiwa na miaka hamsini na tano. Mwaka mmoja alikuwa hata baba wa mapacha. Alisoma karatasi yake ya maigizo kwa utulivu, akafa kwa utulivu, na saa kumi alirudi kuchukua ufagio.

Siku ya marudio walikuwa watahiniwa sita kwenye benchi la nje, wote wamevaa makoti meupe yaliyopigwa pasi na mama zao. Kutoka ndani ya chumba ikasikika sauti ya kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, cha kurudiarudia.

"Mwaka huu wameweka nimonia," alinong'ona jirani wa Dokta, kijana mwembamba aliyebeba Daftari la Marehemu ndani ya soksi.

"Pumu hiyo," mwingine akasema. "Ila mama anaijua kazi. Sikia anavyojituma."

Wote wakakubaliana kwamba mama anajituma.

Zamu ya Dokta ilifika. Mizani alikuwa kwenye kona yake, kalamu mkononi. Mama Mgonjwa akaingia ameshika shavu, akakabidhi cheti. Mtu mzima, jipu la jino. Kapsuli za kuua bakteria, moja kutwa mara tatu, siku saba. Jumla ishirini na moja.

Dokta akatafuta kosa. Tatu mara saba, ishirini na moja. Akazidisha upya, kuanzia saba. Ishirini na moja vilevile. Umri sawa, dozi sawa, tarehe sawa, sahihi ya daktari ipo, na mhuri upo. Macho yakamtoka. Dakika mbili zikaenda akikitazama cheti kisicho na dhambi, jambo ambalo Daftari la Marehemu halikumwandaa kulikabili. Mizani, kwa uovu wake wote, safari hii alikuwa ameandika cheti sahihi.

Mama Mgonjwa akakohoa.

Dokta akashtuka. Jino halikohoi. Hilo ndilo kosa, alijisemea. Daktari ametibu jino, ugonjwa uko kifuani. Wale waliomtangulia, na hili alikuja kulijua baadaye, wote waliwaza vilevile, wakaandika "arudi kwa daktari", lakini hata hivyo wakahesabu kapsuli zao na kubandika lebo zao. Yeye alikwishafungua mdomo kusema hayohayo, akakumbuka kwamba kuna kisanduku cha kuuliza dawa nyingine.

"Mama, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia kwa sasa?"

Yule mama akasita. Akatupa jicho kwenye kona, kisha akaegemea kaunta na kushusha sauti.

"Kwa karatasi au mimi mwenyewe?"

Dokta akamtazama. Kwa mara ya kwanza, tuseme kweli, maana alikuwa amepishana naye kwenye korido kila siku akiruka sakafu yenye maji. Macho ya mama yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

"Karatasi inasemaje?"

"Inasema situmii kitu."

"Na wewe?"

"Mimi nameza ya presha. Toka mwezi wa pili."

"Kikohozi kilianza lini?"

"Mwezi wa pili huohuo, mwishoni mwishoni. Wanasema ni vumbi la ufagio. Mwanangu, nimefagia miaka ishirini, vumbi tunajuana. Nalala nimekaa. Chupa za dawa ya kikohozi hizi nimezimaliza tatu. Sasa nimeona hivi vya presha niache tu, vidonge vimekuwa vingi."

Akatoa pakiti kwenye mfuko wa aproni. Dokta akaisoma, akaona aibu. Ilikuwa ni ile aina ya dawa ya presha ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili hata akiamshwa usingizini hutaja madhara yake, na la kwanza kulitaja ni kikohozi kikavu kisichosikia dawa. Idara nzima ilikuwa na maprofesa watatu, wahadhiri kumi na wanafunzi mia mbili waliokariri jambo hilo. Mwanamke huyu alikuwa akiwakoholea masikioni tangu mwezi wa pili, nao wakamsifu kwamba anaigiza vizuri. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alikuwa akifagia chini ya meza ya mganga.

"Mtahiniwa," alisema Mizani, "dakika tatu. Kapsuli."

Kwenye kisahani zilikuwepo kapsuli tisa, alizokuwa amehesabu huku akihoji. Dakika tatu zilitosha kuhesabu zilizobaki, kuandika lebo, na kusema "meza na maji ya kutosha". Mtu mwenye akili timamu angesema: mama, tuonane baadaye. Dokta alilifikiria wazo hilo zuri kwa mapana na marefu, mwaka mzima uliofuata. Lakini pale kaunta neno "baadaye" lilipomfika mdomoni alilitambua. Ndilo lile la kila Jumapili. Akalimeza kama kidonge kikubwa.

Akachukua lebo yake moja. Akaandika kwa herufi kubwa, ili mtu asiye na miwani aweze kusoma.

"Mama nisikilize. Usiviache vidonge vya presha kwa kujiamulia, ni hatari. Kesho asubuhi nenda kliniki na pakiti hii na chupa ya dawa ya kikohozi. Mwambie daktari kikohozi kilikuja baada ya dawa hii. Ziko za aina nyingine, atakubadilishia. Hapa nimeandika, ukisahau mpe asome. Rudia nilichosema."

Yule mama akarudia, taratibu, neno kwa neno. Hakuwahi kurudia karatasi yoyote kwa makini namna hiyo. Kengele ikalia.

"Mgonjwa wako wa jino anaondoka bila dawa," alisema Mizani.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na bila lebo."

"Lebo ameondoka nayo huyu mwingine."

Mizani aliipitia orodha yake kisanduku kwa kisanduku. Aliigeuza upande wa pili, kana kwamba kingeweza kuwepo kisanduku alichokisahau nyuma. Hakikuwepo. Akaacha kutia tiki palipokosa tiki, na matokeo yakabandikwa ukutani wiki iliyofuata: watano wamefaulu, mmoja kurudia mwaka.

Dokta alilia, wala hakuona haya kulia. Aliwaona wenzake wakipiga picha na makofia yao, akachukia kila mtu, pamoja na Mama Mgonjwa, kwa muda wa siku mbili hivi. Nyumbani mama mtu alizitazama sufuria zake kwenye rafu za juu, akasema basi hazina haraka ya kuhama. Kesho yake baba, akiwa na msasa mkononi, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaanza kuzisugua rafu upya ingawa hazikuwa na kosa. Jumapili shangazi akaja na mfuko wake. Dokta akafunga kitabu, akavuta kiti, akamtazama usoni.

"Shangazi, tuanze na wewe. Vidonge vitasubiri."

Shangazi aliondoka baada ya saa mbili, hakufurahi hata kidogo. Alisema mtoto siku hizi anauliza maswali kama polisi.

Mwaka ulizunguka, kama miaka ya kurudia inavyozunguka, yaani kwa kujiburuta. Siku ya mtihani Dokta alikaa tena kwenye benchi lilelile, kati ya wadogo waliomwita dada na kumwomba awapangie kola. Mlango ulifunguliwa, akatoka mtahiniwa wa kwanza anatikisa kichwa, msimamizi anamsukuma kwenda chumba cha pili.

"Mama Mgonjwa kaisha," kijana alinong'ona akipita. "Hajui tena kuigiza. Hata kukohoa hawezi."

Dokta akaelewa kabla hajaingia. Mizani, ambaye hakuwahi kupoteza hata gramu moja ya kitu, alikuwa ameyachukua maneno ya ile lebo na kuyageuza kuwa swali la mtihani. Sasa karatasi ilisema presha, kikohozi kikavu, mgonjwa anataka kuacha dawa. Visanduku vyake vyote vilikuwepo. Kilichokosekana ni kikohozi.

Akaingia. Mama Mgonjwa alikuwa amenenepa kidogo na macho yake hayakuwa mekundu tena. Akaweka pakiti juu ya kaunta, akavuta pumzi, akakohoa. Ilikuwa aibu tupu, kikohozi cha mtu anayejaribu kuficha kicheko, na kwenye kona Mizani aliinamia karatasi zake zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Pole na kikohozi, mama," alisema Dokta. "Kilianza lini?"

"Karatasi inasema mwezi wa pili."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mwanangu, nalala."

Mizani akatia tiki ya kwanza.